Sura ya Sita: Jedwali la Zongwe

Meno mawili ya Papa Bertin yalikuwa sakafuni mwa kasho, seli ya kambi ya polisi, na la tatu lilikuwa linashikiliwa na uzi wa nyama tu. Brigadia Chris alikuwa amesimama juu yake akijifuta ngumi kwa kitambaa, kama mtu aliyetoka kupakua mzigo bandarini.

"Ametia saini?" aliuliza Adalbert Wilondja kutoka mlangoni. Alikuwa afisa wa upelelezi, OPJ, na mji mzima ulimwita Opeje.

"Bado, Chef. Lakini kichwa kimeanza kulainika."

"Toka."

"Major amesema kabla ya saa sita..."

"Chris, toka kabla sijakutoa kwa mguu."

Chris alitoka akisonya. Adalbert alichuchumaa mbele ya Papa Bertin. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na nyuma ya ukuta wa kambi sauti za wanafunzi zilikuwa zikipanda na kushuka: "Mutupe muuaji! Mutupe muuaji!" Walikuwa zaidi ya mia. Walileta tairi mbili na kidumu cha petroli, wakaviweka mbele ya geti ili kila mtu avione. Major Odile, mkuu wa kambi, alikuwa na askari kumi na mmoja na bunduki nne. Alikwisha kumwambia Adalbert bila kuzunguka: aletewe ukweli wenye ushahidi kabla ya saa sita mchana. La sivyo geti litavunjwa, naye hatapoteza askari hata mmoja kwa ajili ya mvuvi.

Aliyeuawa alikuwa Rubens Kilunga, kijana wa miaka thelathini na moja, asistanti, yaani mhadhiri msaidizi, katika chuo cha juu kilichoko kule mlimani. Jana saa kumi alasiri alikutwa chini katika maabara, fuvu limepasuliwa kwa jiwe la mizani la kilo tano, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimevunjwa. Papa Bertin Asukulu, mvuvi wa Zongwe, alikutwa naye, damu imemjaa kifuani. Wanafunzi walimpiga kutoka mlimani mpaka getini.

"Papa Bertin, mimi njo Adalbert. Baba yangu ni muzee Wilondja wa Baraka. Alivua ziwa hili hili mpaka likamumeza."

Jicho moja la mvuvi lilifunguka. Lile jingine lilikuwa limeziba kabisa.

"Wilondja wa mutumbwi wa bluu?"

"Huyo huyo. Sasa niambie. Ulimupiga Rubens?"

"Nilimupiga."

"Na jiwe?"

"Na mukono. Kofi moja. Lilimutosha, mwenyewe alikuwa mwembamba kama fito."

"Kwa sababu gani?"

Bertin alitema damu pembeni, kwa adabu, asimchafue mgeni wake. "Wiki tatu zimepita, watu wa bunduki walishuka Zongwe na karatasi. Wakasema masomo ya chuo yameonesha sisi tunavua kila usiku bila kupumuzika, tunamaliza samaki wachanga. Wakachoma nyavu zetu zote. Mudogo wangu Jean-Baptiste alikumbatia wavu wake. Wakamupiga risasi ya tumbo. Alikufa siku ya tatu, anaita mama yetu aliyekufa zamani. Na kwenye karatasi ile kuko jina la Rubens. Rubens aliyelala kwangu miaka miwili, anakula ugali wangu, anapima ndagala wangu kila asubuhi!"

"Ukamupiga kofi. Yeye akafanya nini?"

"Akalia. Akasema, 'Papa, hii si hesabu yangu.' Akasema atawaandikia wenye jarida kule Ulaya waiondoe. Kisha akaniomba nisubiri nje, mukubwa wake anakuja, wataongea. Nikaenda bombani kunywa maji. Kurudi, naye yuko chini. Nikamuinua. Njo damu hii."

"Mukubwa wake nani?"

"Hakutaja."

Nje, kitu kizito kiligonga geti la chuma. Bertin hakushtuka. "Opeje," alisema, "kama wataniunguza, wasianze na miguu. Hilo tu."

* * *

Adalbert alitokea mlango wa jikoni, akaruka ukuta wa nyuma. Hata hivyo walimwona. Tofali lilimpata begani, akaanguka kwa goti moja, akanyanyuka na kumdaka taximan wa moto, dereva wa pikipiki, aliyekuwa anapita. "Mulimani. Usisimame hata ukimugonga mbuzi."

Maabara ilikuwa chumba chenye meza tatu na mizani ya kupimia samaki. Damu ilikuwa imekauka ikawa nyeusi, nzi wameijaa. Adalbert alipiga magoti mahali ambapo mkono wa kulia ulikuwa umelala. Mtu hakubali kuvunjwa vidole vitatu, kimoja baada ya kingine, ila ana kitu anachokishikilia. Alipapasa chini ya kabati, akavuta kipande cha jalada la daftari, kimechanika. Kilikuwa kimekakamaa kwa maji na magamba. Alikinusa. Ndagala, dagaa mkavu wa ziwa hili. Droo zote za meza ya marehemu zilikuwa wazi na tupu.

"Unatafuta nini, Papa?"

Mwanamke kijana alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia mkoba kama mtoto mchanga. Alijitambulisha: Joëlle Kansabala, asistanti, mwenzake Rubens. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Natafuta makala. Ile iliyofika Zongwe pamoja na bunduki."

Alimpeleka ukumbini, kwenye ubao wa matangazo ambao wanafunzi huuita valve. Makala ilikuwa imebandikwa katikati, imezungushiwa utepe wa kijani kama picha ya harusi. Majina matatu. Gauthier Mulonda, chef de travaux, yaani CT, mkuu wa maasistanti. Rubens Kilunga, asistanti. Joëlle Kansabala, asistanti.

"Nani alikaa Zongwe miaka miwili?"

"Rubens."

"Sasa kwa nini ni wa pili?"

Joëlle alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "CT njo mukubwa, Papa. Mukubwa anatangulia. Bila jina lake, makala haitoki hapa, na siku ya kupanda grade hakuna wa kukusemea."

Adalbert aliibandua makala, akafungua ukurasa wa jedwali. Zongwe, mwezi wa Juni. Safu moja ya tarehe, safu moja ya kilo. Alishuka kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikimchezacheza. Alifika chini, akarudi juu, akashuka tena.

"Nani alijaza hii?"

"Rubens alipima."

"Kila usiku? Kuanzia tarehe moja mpaka thelathini?"

"Kila usiku."

"Mama Joëlle, kwenu ni wapi?"

"Moba. Kule juu. Tunalima maharagwe."

"Njo maana. Nisikilize mimi mutoto wa mvuvi. Ndagala anafuata taa. Mbalamwezi ikikomaa, ziwa lote linakuwa taa moja, samaki anatawanyika, hakuna mwenye akili atakayemaliza betri yake bure. Siku saba, siku nane, kila mwezi, mitumbwi ya Zongwe inalala muchangani. Wanaume wanashona nyavu, wanalewa, wanapigana. Chukua mwezi unaoutaka wa mwaka unaoutaka: hakuna usiku thelathini wa kuvua. Haupo. Rubens alilala pale miaka miwili. Yeye angeandika hivi?"

"Mimi sijui mambo ya uvuvi."

"Lakini unajua. Shingo yako inajua, tazama inavyopiga."

"Papa, niache!"

"Saa sita watamuvalisha Papa Bertin tairi."

Joëlle alijifunika uso. Sauti ilitoka katikati ya vidole. "Ni makala yangu moja. Moja! Miaka sita niko asistanti. Mandati yangu inakwisha Oktoba. Bila makala, kamati inanitoa, narudi kulima na mimi nikiwa na diploma kwenye ukuta wa udongo. Wewe ungefanya nini?"

"Mimi niliacha shule darasa la nane," alisema Adalbert. "Sina ukuta wa diploma. Biro ya CT iko wapi?"

Alimwonyesha mlango wa ofisi kwa kidevu.

* * *

Gauthier Mulonda alikuwa mtu mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kola ilikata. Alitoka Kamina, mji wa reli na mahindi, na miaka minne ndani ya mji huu wa Kalemie haikumfanya alipende ziwa. Alikuwa anafunga faili nene kwa kamba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji juu kidogo ya kifundo.

"Karibu, Opeje. Samahani, nina haraka. Faili hii inapanda ndege kesho kwenda Kinshasa. Nikikubaliwa, mwakani ninaanza shahada ya udaktari." Aliugusa mkono wake. "Eksozi ya moto. Hawa taximan watatumaliza."

"Rubens alikuwa mutu wa namna gani?"

"Alikuwa kama mwanangu. Mimi ndiye nilimfundisha kushika kalamu ya kisayansi."

"Alikuwa na maneno na wewe?"

"Hata siku moja."

"Nahitaji daftari zake za Zongwe. Droo yake ni tupu."

"Ninazo. Ni mali ya chuo, nilizichukua nizihifadhi." Gauthier alifungua kabati, akatoa daftari moja gumu, jekundu. "Juni, kama inavyoonekana. Kila kitu kimo."

Adalbert alilifungua. Tarehe moja mpaka thelathini, kilo, jina la mtumbwi, mwandiko mzuri uliolala upande mmoja. Alilileta puani. Lilinuka gundi na duka.

"Uliwahi kufika Zongwe, CT?"

Gauthier alicheka. "Kazi ya uwanjani ni ya maasistanti. Mkubwa anasoma, anasahihisha, anaongoza."

"Na Rubens alifanya kazi vizuri?"

"Mwisho, ndiyo. Mwanzo alikuwa mvivu. Wenye jarida walilalamika, na walikuwa na haki. Siku saba nzima hazina kitu, kila mwezi! Nikamwambia, kijana, nani atachapisha hesabu yenye mashimo? Lala ufukweni, upime."

"Mashimo."

"Mashimo makubwa."

"Uliyaona wapi?"

"Katika daftari lake la Juni, wapi tena?"

Adalbert aliligeuza lile daftari jekundu, akalisukuma mezani mpaka likagusa tumbo la CT. "Nionyeshe shimo moja."

Gauthier alitazama daftari, akatazama mlango. Kisha akanyakua stapla kubwa ya chuma na kumshindilia nayo Adalbert juu ya jicho.

Damu ilimfunga jicho la kulia. Adalbert alianguka nyuma na kiti, na kabla hajapata pumzi yule mtu mrefu alikuwa juu yake, vidole gumba vyote viwili vimezama kooni. Alikuwa na nguvu za mtu anayeona maisha yake yanamtoka. "Miaka kumi na moja!" alinguruma, mate yakimrukia Adalbert usoni. "Miaka kumi na moja nasubiri! Na katoto kanaandika barua ya kuniua!"

Adalbert alipapasa, akakuta ile bandeji, akaivuta. Ilitoka na gamba la kidonda. Gauthier alipiga ukelele, na Adalbert akaingiza dole gumba ndani ya jeraha, akachimba. Mikono ikalegea shingoni. Alimpiga kichwa cha pua, mara moja, mfupa ukalia, kisha akamgeuza na kumbana uso kwenye saruji.

Jeraha la mkono lilikuwa nusu duara mbili, juu na chini, alama ya jino baada ya jino. Halikuwa la eksozi. Rubens alikuwa amevunjwa vidole, basi alishikilia kwa meno.

"Nilitaka daftari tu," alisema Gauthier, maneno yakitoka na povu jekundu. "Angeniachia tu daftari. Hakuachia. Kwa nini hakuachia?"

Adalbert alimtia pingu, akaikata ile kamba ya faili. Katikati ya vyeti na mihuri kulikuwa na daftari jingine, jalada limechanika kona, limevimba kwa maji, linanuka ufuko mzima. Gauthier alilihifadhi. Hesabu za Rubens alizihitaji bado kwa makala ya pili.

Simu ikalia. Sauti ya Major Odile ilikuwa juu ya kelele. "Adalbert! Hawakusubiri. Geti limekwenda!"

Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Joëlle alikuwa nje ya mlango. Alikuwa amesikia yote. Adalbert alimtupia lile daftari linalonuka, akalidaka kwa kifua.

"Wewe njo mwalimu wao," alisema. "Mimi ni polisi tu. Kuko taximan wa pili pale chini."

Hakungoja jibu.

* * *

Papa Bertin alikuwa amepigishwa magoti katikati ya uwanja wa kambi, tairi shingoni, mikono imefungwa nyuma kwa waya. Petroli ilikuwa ikimtiririka kutoka nywelani. Brigadia Chris alikuwa amelala chini ya dirisha, ameshika kichwa. Major Odile alisimama mlangoni na bastola, askari wanne nyuma yake, na alikuwa anahesabu kwa sauti, lakini hakuna aliyesikiliza hesabu.

Kijana mpana, kiongozi wa wanafunzi, alikuwa na kiberiti.

Adalbert alishuka kwenye pikipiki akimburuta Gauthier kwa pingu. "Huyu njo aliyeua! Amekubali!"

Watu waligeuka. Walimwona CT wao, pua imelala shavuni, shati jekundu. Naye Gauthier alijua papo hapo la kusema. "Wanangu! Wamenitesa! Wanataka kumuokoa mvuvi wao! Niokoeni!"

Uwanja ulinguruma. Ubao ulimpiga Adalbert mgongoni, ngumi mbavuni. Alipiga risasi moja juu, wakarudi hatua mbili, kisha wakaja hatua tatu.

"Opeje wa Baraka!" mmoja alipaaza. "Anatetea ndugu yake wa nyavu!"

Kijana mpana alitoa njiti.

"Weka hiyo chini, Télesphore."

Sauti haikuwa kubwa. Joëlle alikuwa amepita katikati yao mpaka kwenye tairi, kiatu kimoja kimepotea njiani. Akapiga magoti ubavuni mwa Bertin, karibu kabisa, mpaka petroli ikaloweka sketi yake. Sasa njiti ile ingewaka juu ya watu wawili.

"Toka hapo, Mama Asistanti," alisema Télesphore. "Tunakuheshimu, usituharibie."

"Mwandiko huu ni wa nani?" Alifungua daftari, akalinyanyua. "Rubens alisahihisha kazi zako mwaka mzima. Ni wa nani?"

Télesphore alitazama. "Wake."

"Soma tarehe kumi. Kwa sauti. Au umesahau kusoma?"

Mtu mmoja alicheka kwa woga. Télesphore alisoma, kwanza haraka, kisha polepole. "'Mbalamwezi. Hawakuvua. Papa Bertin anashona wavu na kunisimulia uongo wa ujana wake.' Tarehe kumi na moja. 'Mbalamwezi. Hawakuvua.' Kumi na mbili..."

"Sasa makala ile mliyoipigia makofi kwenye valve," alisema Joëlle, "inasema tarehe kumi walivua kilo mia nne. Kumi na moja, mia tatu tisini. Ni uongo. CT alitunga. Rubens alinionyesha mwezi uliopita, akaniambia atawaandikia wenye jarida waifute. Nilimukatalia. Nilimuomba anyamaze. Kwa sababu jina langu liko pale. Ningemusaidia siku ile, angekuwa hai. Huyu baba hakumuua. Rubens alikula kwake. CT alimuua, na mimi nilijua kwa nini tangu jana, nikanyamaza tena. Kama munataka kuunguza, munajua ninapokaa."

Télesphore aliiangusha njiti mbali, kwenye udongo mkavu, akaikanyaga. Kisha akamgeukia Gauthier.

Wote wakamgeukia Gauthier.

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. La pili lilimpata Adalbert, aliyekuwa amefungwa naye pingu moja, na shavu likapasuka. Akamwangusha CT chini, akalala juu yake, akawa anapokea mateke yaliyokusudiwa mtu mwingine, huku anafyatua risasi ardhini mbele ya miguu mpaka bastola ikalia tupu. "Major!" alipiga kelele. "Major, sasa!" Askari wanne wakatoka kwa vitako vya bunduki, wakavunja njia, mkono wa mtu ukavunjika, mtu akalia kama mbuzi. Walimburuta Gauthier kwa miguu, na Adalbert pamoja naye, mpaka ndani ya kasho ile ile, juu ya meno ya Papa Bertin, wakapiga komeo.

* * *

Saa sita na nusu uwanja ulikuwa na viatu visivyo na wenyewe na tairi mbili. Papa Bertin alikaa kwenye benchi la biro, amevikwa koti la Major, anafuta macho yaliyokuwa yanaunguzwa na petroli. Wakati Brigadia Chris alipomletea beseni la maji, alinyanyuka taratibu, akampiga kofi moja zito, akakaa tena. Adalbert, mwenye shavu lililoshonwa nusu, alitazama ukuta.

Major Odile alimsogezea Joëlle karatasi ya ushuhuda wake. "Umeelewa unachotia saini? Hii inakwenda kwa mwendesha mashtaka, nakala inakwenda chuoni. Makala yako imekufa. Oktoba hakuna atakayekutetea. Na ulinyamaza, hilo pia limeandikwa."

"Wenye jarida pia watumieni."

"Hatujui anwani yao."

"Mimi ninaijua."

Alichukua kalamu. Mikono yake ilikuwa bado imelowa petroli, na alipoandika, wino ulitawanyika, jina likawa doa la bluu. Major aliichana ile karatasi, akampa nyingine, tupu, aandike mwenyewe. Joëlle alijifuta mikono kwenye sketi, ambayo haikuwa kavu kuliko mikono, akaivuta karatasi karibu, akaanza upya, kwa mwandiko mkubwa, kuanzia tarehe.